Aliyemimina Chai kwa Mkono wa Kushoto

Mimi simo kwenye ile picha. Nalisema hili mapema kwa sababu kwa miaka mingi nyumba nzima ya Mzee Gachau, pamoja na nusu ya waumini wa kanisa lao kule milimani juu ya Othaya, wameamini kwamba nimo, tena nikifanya jambo la aibu. Mwezi uliopita Mwangi, mwanawe wa kiume, alinipigia simu huku kwetu Vihiga nikichambua maharagwe, akaniambia baba yao amefariki na mazishi ni Ijumaa. "Mwalimu, lazima ukuje," alisema. "Wewe ni mtu ya nyumba. Hata uko kwa picha." Nilimwambia nitakuja. Sikumsahihisha, ingawa nimekula mshahara wa kusahihisha watu maisha yangu yote. Nilitaka kwanza kujua kama dada yake Nyambura atakuwepo. "Ameambiwa," alisema Mwangi. "Lakini unamjua huyo." Kwa kweli simjui. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwa muda wa saa moja hivi, naye ndiye nimembeba rohoni kuliko watu wengi niliokaa nao miaka.

Habari za nilikotoka nitaziacha, maana hazina kazi hapa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa sanaa katika shule ya wasichana, na kwa kuwa sanaa ilikuwa na vipindi vichache, nilipewa pia somo la dini na ufunguo wa stoo. Nilipanga chumba cha mbao katika boma la Mzee Gachau, mwendo wa dakika kumi kutoka shuleni, kando ya jiko. Kuta zake zilibandikwa magazeti ya zamani kuzuia baridi, na kwenye mlango palikuwa na herufi za rangi nyeupe: G.M. Mzee alikuwa karani wa kituo cha kupimia majani chai na aliandika kila kitu chake: majembe, madebe, viti, vifuniko vya sufuria, hata ngazi ya kupandia darini. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, umelala kidogo upande wa kulia. Kitanda changu nacho kilikuwa na G.M. kwenye mguu, na wiki za kwanza nikijilaza niliona kama na mimi nimeshaandikishwa.

Nilikuwa nimepanga kujipikia, lakini mkewe, ambaye wote walimwita Mama Mwangi, hakutaka kusikia habari hizo. "Ati msichana apike peke yake na kuna moto hapa? Mwarimu, watu watasema sisi ni wachoyo." Kwa hiyo nikala nao mwaka mzima: mukimo wa viazi vilivyopondwa, githeri ya mahindi na maharagwe, chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikawa na rangi ya udongo. Jumamosi Mama alisonga ugali kwa heshima yangu, ukitoka umelegea kidogo, nami nikausifu. Mzee alipenda kuniangalia nikiukata na kuufinyanga. "Angalieni mkono ya Mwarimu," aliwaambia Mwangi, aliyekuwa kidato cha pili, na Wairimu, kitinda mimba wa miaka saba. "Huo mkono wa kuume unajua kazi. Nyinyi mnakula na vijiko kama wagonjwa." Nakumbuka maneno hayo vizuri kwa sababu baadaye ndiyo yaliyonisaidia kuelewa.

Sebuleni palikuwa na picha za kupigwa zilizotundikwa kwa mstari juu ya redio: Mzee na Mama siku ya harusi, Mwangi akibatizwa, Wairimu akilia. Kati ya picha ya kwanza na ya pili palikuwa na pengo, mraba wa ukuta uliokuwa mweupe kuliko sehemu nyingine, na msumari katikati. Nilidhani kioo kilivunjika. Kisha siku moja ajuza wa jirani akaja kuomba mbegu za viazi, akaita tangu langoni, "Mama Nyambura! Mama Nyambura!" Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Ungo ulisimama. Mzee, aliyekuwa akisoma gazeti mlangoni, alilikunja mara nne, akainuka akaenda kwenye chai yake shambani bila viatu vyake vya gamboti. Ajuza aliziba mdomo kwa kiganja. Nilikuwa nimekaa na Wagikuyu miezi ya kutosha kujua kwamba mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Basi Mwangi hakuwa wa kwanza.

Mama alinieleza jikoni, akinong'ona ingawa Mzee alikuwa mbali. Nyambura aliozwa vizuri, ruracio ya kutoa mahari ikafanywa, mbuzi wakaliwa, kanisa likajaa. Hata mwaka haukuisha akarudi na sanduku lake, akisema mume anampiga. Mzee alikuwa mzee wa kanisa na ndiye aliyekuwa akiwashauri wenye ndoa za matatizo. Alimwambia arudi kwa mumewe. Nyambura akasema harudi. Mzee akamwambia basi hata hapa si kwake, akalibeba lile sanduku mwenyewe mpaka barabarani. "Na ndiye alipewa jina la mama ya Mzee," Mama alisema. "Hakuwa anamwita Nyambura. Alikuwa anamwita *maitu*, mama, tangu akiwa mtoto mchanga. Sasa hilo neno limeisha kwa hii nyumba. Watu nao wakaanza kuniita Mama Mwangi, ndio wasimkasirishe." Alifuta macho kwa ukingo wa leso, akanilaumu kwamba kuni nilizomletea zina moshi.

Habari ya picha ilianzia Nanyuki. Mzee alikuwa amekwenda huko kwa mkutano wa wakulima, wakanyweshwa chai katika hoteli moja iliyojengwa na Wazungu, na ukutani akaona mchoro mkubwa wa rangi ya mafuta. Alirudi hana neno lingine. Jumamosi moja alivaa koti na kofia, akanichukua tukaenda kuuona. Tulikaa chini yake tukaagiza chai, akaitazama ile ya kwenye birika kwa dharau ya mtu anayejua jani. Mchoro ulikuwa wa watu kama tisa kwenye nyasi, mlima nyuma yao, wanawake wa kofia pana, bwana mmoja amekaa mkono wa kiti huku amekunja nne, mbwa amelala, na mtu akicheka kwa jambo ambalo hatukulisikia. Ulichorwa vizuri, siwezi kusema uongo. Hakuna aliyejipanga kama kwa mpiga picha. Walikuwa wamekaa tu, kana kwamba chai na alasiri na mlima vyote viliandaliwa kwa ajili yao.

"Hawa hawakuchuma hata jani moja," Mzee alisema. Kisha akainuka, akasogea karibu, akanyoosha kidole kwenye kona. "Na huyu?" Kwenye kona palikuwa na mtu mweusi wa kanzu nyeupe, ameshika sinia. Mchoraji alikuwa amehangaika na vifungo vya kanzu mpaka vikang'aa, lakini uso aliuachia doa moja la kahawia. Hakukuwa na macho wala mdomo. Mzee alisimama pale mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. "Mwarimu," aliniambia tukiwa njiani, "nitengenezee kama hiyo. Boma langu, chai yangu, watu wangu wameketi. Hakuna mtumishi. Na kila mtu awe na uso." Nilikubali kabla hajamaliza. Sijawahi tena katika maisha yangu kutaka kazi kama nilivyoitaka ile.

Nilinunua yadi za kitambaa cha marekani mjini Nyeri, fundi akanitengenezea fremu ya mtarakwa, nikapaka kitambaa rangi nyeupe mara tatu. Jumapili baada ya ibada walikuja kunikalia kwenye nyasi za mbele ya nyumba mmoja mmoja, kwa sababu wote pamoja hawakuweza kukaa dakika tano bila mtu kukumbuka ng'ombe. Mwangi niliambiwa nimpe tai ambayo hakuwa nayo. Wairimu alikataa kukaa bila paka. Mama aligoma kuchorwa mikono mitupu: "Mtu atasema mimi hukaa tu," nikamwekea kiondo anachosuka. Mwenyekiti wa kanisa alikuja na Biblia, nikamwomba aiweke chini kwa sababu picha ni ya chai, akaiweka lakini kidole kimoja kikabaki juu yake. Mzee ndiye aliyenishangaza. Nilidhani atakaa wima kama mkuu wa wilaya, kumbe alikunja nne sawasawa na yule bwana wa Nanyuki. Alikuwa amejifunza.

Shida ilibaki moja. Chai ilikuwa mezani, wote walikuwa na vikombe, na hakuna aliyekuwa akimimina. Kwa watu hawa mgeni hajiwekei chai, wala mwenye nyumba hainuki. Mtoto wa kike wa nyumba ndiye huinuka. "Weka Wairimu," Mzee alisema. Nikamwambia Wairimu hafiki mezani na tena ana paka. Kesho yake Mama akanivuta jikoni. "Huyo wa kuweka chai muache mwisho," alisema. "Na Jumamosi uende Kutus uniletee nguo yenye niliagiza kushonewa." Hakuwa ameagiza nguo yoyote. Alinipa jina la mtaa na rangi ya mlango.

Nyambura alikuwa na cherehani kwenye kibaraza cha duka la mbegu, karibu na soko. Nilimkuta amenipa mgongo, mrefu, amevaa gauni la kijani, shingo wazi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa fundo la pembeni. Alikuwa akikata suruali ya sare ya shule, mkasi ukiwa mkono wa kushoto, na nguo ameigeuza kinyume ili mkasi uende. Niliposema nimetumwa na mama yake aliuweka mkasi chini taratibu, akavuta chupa ya chai na kunimiminia kwa mkono uleule. "Usione ni dharau," alisema, maana anayemwandalia mgeni kwa kushoto anamtukana. "Huu mkono ndio unajua. Baba alijaribu kuufunga na kamba nikiwa mdogo. Siku ya tatu akaifungua yeye mwenyewe. Ati nilikuwa nimekonda." Alicheka kidogo, mimi pia. Nilimwambia habari ya picha, na kwamba mama anamtaka ndani yake. Nilisema kuna siku Mzee anakwenda Nyeri na tunaweza kumalizana haraka.

"Ni yeye amesema nikuje?"

"Hapana. Ni mama."

"Basi umsalimie mama." Alishika mkasi tena. "Mwalimu, mimi nilitolewa kwa mlango nikiona. Sitarudi nikiwa nimefichwa. Sanduku langu alilibeba yeye. Siku ataniita, nitakuja hata kwa miguu." Alinifungia vitenge viwili vya zawadi kwa mama yake, akanisindikiza mpaka stendi. Nilikuwa nikitazama jinsi anavyotembea.

Nilimchora wiki ile, kutoka kichwani. Niliogopa kumpa uso, kwa hiyo nilimsimamisha mezani akiwa amegeuka, mgongo kwetu, gauni la kijani, fundo la kitambaa pembeni, na birika kwenye mkono wa kushoto likimiminia kikombe cha mwenyekiti wa kanisa. Ni mgongo mzuri. Nimefundisha na kuchora tangu wakati huo na sijapata mwingine uliokaa hivyo. Mama alipouona alikalia kigoda cha kukamulia, akaweka kiganja kifuani. "Usimwambie yeye," alisema. "Akijua atataka kuja kuona. Na Baba akimwona hapa ataunganisha, achome hii kitu. Niapie." Niliapa. Nilikuwa mdogo na nilidhani kutunza siri ndiyo wema wenyewe.

Mzee aliitwa mwisho. Alisimama mbele ya picha na kofia mkononi, akaipitia kama anavyopitia daftari la kituo, mtu kwa mtu. Alipofika mezani alikaa muda mrefu. "Nilisema kila mtu awe na uso." Nikamjibu kwamba huyu amegeuka kwa sababu ya chai. "Ni nani?" Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema ni mimi, kwamba wachoraji wana desturi ya kujitia humo ndani. Akanitazama usoni, kisha akautazama mkono wangu wa kulia uliokuwa na brashi, kisha picha. "Na wewe unaweka chai na kushoto, Mwarimu?" Nikasema ndiyo, Baba. Yule mtu alikuwa ameniona nikila ugali mezani kwake tangu Januari. "Haya," alisema. "Wacha ikae." Akaitundika mwenyewe sebuleni, akatoa picha zote ndogo, na ule msumari wa pengo ndio aliotumia.

Wageni wakaja kuiona, na kila mmoja alianza kwa kusifu tai ya Mwangi na kuishia kwenye mkono. "Lakini huyu msichana anawekea mwenyekiti chai na kushoto?" Mzee hakutikisa hata nyusi. "Ni Mwarimu," alisema. "Kwao ni hivyo." Wakaguna. Habari zikashuka mpaka shuleni, na mwalimu mwenzangu mmoja akaniuliza kwa upole kama ni kweli Waluhya hatubagui mikono. Niliumia, lazima niseme. Mama yangu angenichapa kwa kumpa mtu hata chumvi kwa kushoto. Lakini ningesema nini? Mwenyekiti alipendekeza nirekebishe, kazi ya alasiri moja, na mimi, kwa hasira, nikajitolea. Mzee alikataa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Hakuna mtu ataguza hiyo picha." Nilidhani anaogopa rangi itaharibika. Desemba nikapata uhamisho, nikaondoka na debe la viazi, huku jamii yangu nzima ikiwa imeaibishwa kwa sababu yangu.

Nilimwandikia Mama, akanijibu kwa mkono wa Wairimu, mpaka alipofariki. Niliambiwa Nyambura alikuja kumzika mama yake, akasimama na wanawake wa Kutus, akatupa udongo, akaondoka bila kuingia nyumbani, na Mzee hakumwita. Kila niliposikia hivyo nilijiambia kwamba angalau yumo ukutani. Nilijivunia jambo hilo kwa siri, kama mtu aliyefanya wema mkubwa.

Ijumaa ile hema zilikuwa zimejaa nilipofika. Nyambura alikuwa safu ya nyuma kabisa, nywele zimekuwa nyeupe, mkoba mapajani. Nilimtambua kabla hajageuka. Tulisalimiana, akanikumbuka. Mwangi, sasa ana tumbo na mvi, akanishika mkono kunipeleka sebuleni, kwa sababu vijana walikuwa wakiitoa picha ukutani wapate kuiweka karibu na jeneza. Waliigeuza na kuiegemeza kwenye meza, nyuma yake ikatutazama. Kwenye marekani iliyogeuka kahawia kwa moshi, kwa rangi nyeupe, kwa ule mwandiko uliolala kulia, ilikuwa imeandikwa. *Kutoka kushoto: Mwangi. Mama Nyambura. Mimi. Wairimu na paka. Mwenyekiti. Maitu akiweka chai.* Na chini, kwa herufi ndogo: *Imechorwa na Mwalimu. Yeye hayuko kwa picha.* Kisha G.M.

Nilitoka nje nikamwambia Nyambura aje. Alisema yuko sawa pale alipo. Nikamwambia ni baba yake anayemwita, na hilo halikuwa uongo, au ulikuwa uongo mdogo kuliko niliokwisha kuusema. Aliingia kwa mlango wa mbele, akichechemea kidogo. Alisoma maneno yale kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye neno la kwanza la mstari wake kidole kilirudi nyuma, akalisoma tena. Kisha akaigeuza picha, akajitazama mgongo, na gauni la kijani, na mkono.

"Mama alijua?"

"Alijua. Aliniapisha nisikuambie. Alidhani mzee hajui."

"Na yeye alijua." Hakuuliza. "Na wewe ulijua."

Nilisema ndiyo. Nilitaka kusema mengi, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba niliapa.

"Watu watatu," alisema Nyambura. "Miaka hii yote niko humu ndani nikiwawekea chai, na hakuna hata mmoja aliniambia nikuje ninywe."

Mwangi alikuwa ameinamisha kichwa. Kiti cha Mzee kilikuwa palepale karibu na redio, na herufi zake mgongoni. Nyambura alikivuta, akakaa, akaweka mkoba chini. Binti mmoja wa Mwangi alikuwa ameingia na birika la wageni, akasimama mlangoni hajui kama aendelee au arudi. Nyambura akachukua kikombe mezani, akakinyoosha kwake kwa mkono wa kushoto, mbele yetu sote.

"Jaza," alisema.